Mama asitoke nje ili amwone mjukuu

IJUMAA baada ya Alasiri, mama mmoja wa Kingerikiti hujitanda khanga yake vizuri, akachukua simu na kupanda mteremko ulio nyuma ya nyumba mpaka kwenye mstari wa mwisho wa mibuni. Hapo ndipo mtandao unaposhika. Binti yake ameolewa Unguja, na mjukuu wa kwanza wa nyumba ile ametimiza arobaini bila ya bibi kumtia machoni isipokuwa kwa kupitia kioo cha simu. Tulipowatembelea tulimkuta amesimama hapo, jua amelipa mgongo, simu ameinyanyua mbele ya uso wake kwa mikono miwili, na wapita njia wanamwamkia huku wakichungulia kioo kwa udadisi usio na ubaya.

"Nakuona mwanangu, nakuona vizuri," alikuwa akisema. "Mgeuze nimwone uso."

Sauti ikarudi kutoka upande wa pili: "Mama, mimi sikuoni. Umeganda. Naona khanga tu, tena vipande vipande."

Mambo mawili yalitushughulisha siku ile. La kwanza ni la stara. Mama anamfundisha bintiye namna ya kumkanda mtoto, anamuuliza habari za maziwa na za maumivu ya uzazi, na maneno hayo yote yanasemwa kando ya njia inayopitwa na watu. La pili ni hilo la mmoja kuona na mwenzake kutoona. Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Baba wa nyumba aliishitaki simu, na tayari alikuwa amekwisha kutenga fedha ya kahawa kwa ajili ya kununua mpya. Kijana wao alilishitaki bando. Jirani aliushitaki mnara. Hakuna aliyeishitaki nyumba yenyewe, wala namna mama anavyosimama pale shambani, na sisi tunaona kwamba hao wawili ndio waliopaswa kuitwa kwanza.

Kingerikiti ni kata ya Wilaya ya Nyasa, ile iliyomegwa kutoka Mbinga, lakini msomaji akisikia jina la Nyasa asidhani yuko ufukweni. Hapa ni milimani, kwenye kahawa na migomba, na ziwa liko mbali chini, upande wa magharibi. Kwa mawimbi ya redio, ambayo ndiyo yanayobeba picha kutoka mnarani hadi mkononi, mgongo wa kilima ni ukuta mnene kuliko wote. Nyumba mbili zinaweza kuwa umbali ule ule kutoka mnara mmoja. Iliyo juu ya kilima ikapata picha safi, na iliyo bondeni isipate hata sauti. Hilo mwenye nyumba hana uwezo nalo, isipokuwa serikali na makampuni waongeze minara, kama zilivyotiwa saini Mei 2023 kandarasi za kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Lakini baada ya wimbi kuvuka vilima na kufika uani, yaliyobaki ni mambo ya nyumbani.

Tuanze na sababu ya video kusumbua hali sauti inapita. Sauti ya simu huhitaji kilobiti makumi machache tu kwa sekunde. Video huhitaji mamia, na ikiwa safi hupita elfu. Ni sawa na njia ya miguu mlimani: mtu mwenye kikapu atapita, mwenye gunia la kahawa begani atakwama penye wembamba. Programu za kupigiana simu za video hujitahidi kupunguza mzigo zinapoona njia imebana. Ndiyo maana uso hugeuka ukungu kwanza kabla ya kuganda. Ukungu huo si ugonjwa wa kioo wala wa kamera. Ni simu inayopunguza gunia ili angalau kitu kipite.

Njia yenyewe hubanwa na nini? Umbali ni wa kwanza. Katika uwazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya wimbi hubaki robo. Kisha vinakuja vitu vilivyomo njiani, na kila kimoja kina tabia yake. Chuma hulirudisha wimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Maji hulinywa. Tofali la kuchoma hulipunguza, na ukuta uliolowa mvua hulipunguza zaidi. Zege lenye nondo ndani yake ni gumu kuliko tofali. Mbao na pazia havina neno kubwa.

Sasa tuitazame nyumba ya kawaida ya huku kwa macho hayo. Juu ina bati, nalo ni chuma tupu. Kuta ni za matofali ya kuchoma. Mlango wa mbele, kwa mwenye uwezo, ni wa chuma. Madirisha yana wavu wa mbu. Ukiwa wa nailoni haudhuru, lakini ukiwa wa waya wenye vitundu vidogo, kwa wimbi la simu ni karibu sawa na bati jingine. Mwenye shaka aitie simu yake ndani ya sufuria, aifunike vizuri, kisha ampe mtoto simu nyingine ampigie. Mara nyingi simu ya sufuriani haitalia, na ikilia, itakuwa kwa sababu mfuniko haukukaa sawa. Nyumba ya bati ni sufuria iliyofunikwa nusu. Wimbi huingilia pale palipoachwa wazi: dirishani, mlangoni, penye mwanya kati ya ukuta na paa.

Mawimbi nayo hayalingani. Makampuni ya simu hutumia masafa kadhaa. Wimbi la megahezi 800 lina urefu wa karibu sentimita 37. Hilo huzunguka kona na kupenya ukuta kwa wepesi. La megahezi 1800 lina sentimita 17 hivi, nalo hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka mapema mbele ya ukuta. Ndiyo sababu mtu akiwa uani simu yake huwa na kasi nzuri, akiingia chumbani kasi ikaanguka ghafula. Simu imeliacha wimbi moja na kushika jingine.

Tulirudi kwenye swali la mama: kwa nini anaona na haonekani? Jibu liko katika tofauti ya nguvu kati ya wanaozungumza. Mnara hurusha kwa wati 20, 40 au zaidi. Simu ya mkononi, inapotumia 4G, hurusha kwa wati moja ya tano hata ikijitahidi kwa nguvu zake zote. Mnara ni mwadhini mwenye kipaza sauti, na simu ni mtu anayemjibu kwa mdomo mtupu kutoka ng'ambo ya bonde. Alama za mtandao tunazoziona juu ya kioo hutuambia tu jinsi tunavyomsikia mwadhini. Hazituambii kama yeye anatusikia. Kwa hiyo simu inaweza kuonyesha alama tatu, picha ya mjukuu ikashuka safi, na picha ya bibi ikashindwa kupanda.

Na pale shambani kulikuwa na jambo la ziada. Mnara uko kwenye mgongo wa kilima upande wa magharibi. Baada ya Alasiri jua nalo liko huko huko. Mama, ili kioo kisimwakie, alikuwa akilipa jua mgongo, na kwa hivyo kuupa mnara mgongo pia. Mwili wa binadamu sehemu yake kubwa ni maji, na mwili wa mama ulisimama katikati ya mnara na simu. Juu ya hayo viganja vyake viwili viliziba ncha zote za simu, ambako ndiko antena huwekwa. Sauti ya mnara iliweza kuvumilia kikwazo hicho. Sauti dhaifu ya simu haikuweza. Tulimwomba ageuke tu, aushike ubavu wa simu kwa vidole, na ajifunike jua kwa khanga. Binti kule Unguja akasema, "Sasa nakuona mama, una kipele shavuni."

Lakini kugeuka hakukutatua lile la stara. Hapo ndipo tulipoanza kuizungukia nyumba, kijana wa nyumba akiwa ameishika simu. Simu nyingi huonyesha nguvu ya mtandao kwa tarakimu, katika mipangilio, sehemu inayohusu simu yenyewe na hali ya laini. Tarakimu hiyo huandikwa kwa alama ya kutoa: hasi 85 ni njema, hasi 110 ni dhaifu. Kila inaposhuka kwa 3, nusu ya nguvu imepotea. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Alama zile za vijiti ni picha ya haraka tu, na kila kiwanda cha simu huzichora kwa kipimo chake. Anayetaka kujua ukweli wa nyumba yake afuate tarakimu, atembee chumba kwa chumba, na asimame kila mahali kwa muda wa kutosha, maana hesabu hiyo huchelewa kubadilika.

Chumbani kwa mama palikuwa pabaya kuliko pote. Sebuleni afadhali kidogo. Pazuri palikuwa mahali ambapo hapakumjia mtu akilini: stoo ya magunia, chumba pekee chenye dirisha la kutazama magharibi. Dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa kwa kipande cha bati tangu mwaka waliopoteza ufunguo. Kijana alipoking'oa, tarakimu ikapanda kwa zaidi ya 10, na ikakaribia sana ile ya shambani. Nyumba ilikuwa na mlango wa mtandao siku zote, nao ulikuwa umefungwa kwa bati.

Bado, nani atakaa stoo kuzungumza na mwanawe? Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila familia ilijaribu kabla ya kununua chochote. Kazi za simu ni mbili, na si lazima zifanywe na simu moja. Kazi ya kwanza ni kuzungumza na mnara. Kazi ya pili ni kuonyesha picha. Katika nyumba nyingi ipo simu ya zamani yenye uwezo wa 4G, pengine kioo chake kimepasuka, imelala kabatini. Simu hiyo itiwe laini yenye bando, iwekwe dirishani upande wa mnara, iegemezwe wima juu ya mbao wala si juu ya chuma, ichomekwe kwenye chaji, na iwashwe hotspoti yake. Simu ya mama ikae chumbani na kuipokea hiyo hotspoti. Ile ya dirishani ndiyo itakayobeba taabu ya kuufikia mnara. Ya chumbani itazungumza na jirani yake aliye mita chache tu. Wenye rauta ya laini ya simu wafanye vivyo hivyo: rauta ikae penye dirisha, si penye urembo. Tumeona rauta nyingi mijini zimefichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la vyombo kwa sababu mama mwenye nyumba hapendi kuona waya, na wenyewe wakalalamikia kampuni mwaka mzima.

Hotspoti nayo ina adabu zake. Hutumia masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Ile ya 5 ina kasi kubwa lakini wimbi lake ni la sentimita 6 tu, na ukuta mmoja wa tofali huliumiza. Penye ukuta katikati, chagua 2.4. Jiko la maikrowevu, kwa walio nalo, hufanya kazi katika masafa hayo hayo ya 2.4, na likiwashwa huweza kuitikisa picha mpaka chakula kiive. Vipaza sauti vya bluutuu navyo vimo humo humo. Na lipo jambo la kuchekesha kidogo: mjukuu anapoonekana, nyumba nzima hujazana mbele ya simu, shangazi, wadogo zake na watoto wa jirani, na kwa kujazana huko wanajenga ukuta wa maji kati ya simu hiyo na ile ya dirishani. Simu iwekwe juu, penye usawa wa vichwa au zaidi. Neno la siri la hotspoti liwepo, tena si tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, la sivyo bando la bibi litaishia kwa vijana wa kijiweni.

Saa pia ina athari. Mnara hugawiwa watumiaji wote waliomo katika eneo lake, na baada ya Isha, kila mtu anapotulia na simu yake, kila mmoja hupata sehemu ndogo. Baada ya sala ya Alfajiri njia ni nyeupe. Mama alicheka tulipomwambia hivyo. Mtoto mchanga, alisema, saa hiyo ndipo anapokuwa macho.

Kuhusu vifaa vinavyouzwa kwa jina la kuongeza mtandao, tunashauri uangalifu. Kifaa cha mawasiliano chatakiwa kiwe kimeidhinishwa na TCRA. Kisichoidhinishwa kinaweza kupaza sauti ovyo na kuvuruga mnara kwa kijiji kizima, na hivyo mwenye nyumba akawadhulumu majirani zake bila ya kujua. Vibandiko vya kubandika nyuma ya simu ni upotevu wa fedha. Kwa walio karibu na ufuko au na mpaka, lipo pia hili: simu huweza kunasa mnara wa nchi jirani, na gharama yake si ndogo. Ni salama kuzima matumizi ya data kwenye mitandao ya nje.

Tulipokuwa sebuleni tukinywa chai, baba wa nyumba, ambaye hadi hapo alikuwa ametusikiliza kwa shaka, alilileta lake. Televisheni yake hupokea kwa dishi la Azam, na picha hukatika hata siku ambazo uani kwake ni kukavu. Je, hilo nalo ni bati?

Si bati. Zamani, picha ilipodhoofika, chenga ziliongezeka pole pole, na mtu aliendelea kutazama taarifa ya habari ndani ya chenga. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Katika digitali picha hubaki safi kabisa hadi inapofika mwisho wa nguvu zake, kisha huvunjika vipande na kutoweka. Hakuna onyo la mapema. Kwa hiyo dishi lililopinda kidogo huonyesha picha nzuri siku ya jua, na mwenyewe akaamini kuwa limetegwa sawa.

Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Msomaji wa gazeti hili aliye Nyasa hahitaji dira ili kujua iko wapi. Kibla cha huku ni kaskazini, kwa kupinda kidogo mashariki. Asimame akielekea kibla, anyooshe mkono wa kushoto ubavuni, kisha ausogeze mbele kwa kiasi cha upana wa ngumi. Huko ndiko, juu angani, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Setilaiti ya DStv, ya nyuzi 36, ni tofauti: iko mbele yake, karibu sawa na kibla chenyewe, lakini juu sana, si mbali na utosi. Asishangae akiona uso wa dishi unatazama chini kuliko hapo. Madishi ya nyumbani huundwa yakiwa yamekatwa upande, na hupokea kutoka juu ya pale yanapoonekana kutazama.

Basi dishi la baba huyu linatazama upande wa ziwa. Wimbi la setilaiti lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, fupi mno, na matone ya mvua kubwa hulizima. Wingu zito lililo kilomita mbili au tatu kuelekea magharibi linatosha kukata picha, na uani pasidondoke tone. Kuanzia Desemba hadi Aprili atavumilia kiasi cha hayo. Lakini mgomba uliopandwa mbele ya dishi miaka miwili iliyopita umekwisha kurefuka, na jani lake lililolowa ni maji yaliyotandikwa. Tulimwonyesha pia kiungo cha waya nyuma ya kichwa cha dishi, mahali ambapo mpira umechanika na kutu imeanza. Maji yakiingia humo, hata anga jeupe halitasaidia. Alituahidi kuukata mgomba. Mama akasema mgomba ule ni wake, na kwamba dishi ndilo litakalohama.

Saa kumi na mbili kasoro mama aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akaketi kitandani. Simu ya kioo kilichopasuka ilikuwa stoo, imeegemea kipande cha ubao dirishani. Tulimsikia akicheka, kisha akishusha sauti, na hatukusikia zaidi, wala haikuwa haki yetu kusikia. Baadaye mvua ilishuka kutoka upande wa ziwa. Televisheni ya sebuleni ikavunjika vipande na kuwa nyeusi. Simu ya mama, ambayo wimbi lake ni refu kuliko la kuogopa matone, haikukatika. Ila bati lilipiga kelele kubwa mno, na ikabidi bibi na mjukuu watazamane bila ya kusikizana.